Chumba cha Nyuma ya Mashine

Nyumbani kwetu hakuna anayemwita mama kwa sauti. Ukimhitaji, unazima na kuwasha taa mara mbili, au unagonga sakafu kwa kisigino, naye anageuka. Kila asubuhi mimi ndiye ninayegonga, chai ikiwa tayari, kwa sababu mama huwa ameketi kwenye cherehani tangu alfajiri akimalizia sare za watu. Mama yangu ni kiziwi. Mimi nasikia, baba anasikia, na sote watatu tunazungumza kwa mikono. Baba ni mwashi, na vidole vyake vimekakamaa kwa saruji, hivyo mama humtania kwamba anaongea kama mtu mwenye chakula mdomoni.

Majirani wananiita Chiriku kwa kuwa mdomo wangu haupumziki. Nina miaka kumi na miwili, na tangu nilipokuwa na sita nimekuwa mkalimani wa mama: sokoni, hospitalini, hata shuleni siku ya wazazi. Mwalimu hunitajia makosa yangu, nami inanibidi niyafikishe kwa mama kwa mikono yangu mwenyewe. Siku hizo, nakiri, huwa napunguza mawili matatu. Katika hadithi hii maneno ya mikono nitayaandika kama ya mdomo, maana kwetu yote ni maneno.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, viziwi wa mji wetu hukutana. Hakuna anayelipwa kuuandaa mkutano huo. Mwenyekiti ni fundi viatu, mama ni katibu, na wengine hujitolea wanavyoweza. Mzazi mwenye mtoto kiziwi hufundishwa lugha ya ishara bure. Mgonjwa huelezwa namna ya kumeza dawa zake. Anayetafuta kazi huambiwa pa kwenda. Zaidi ya yote, watu hukaa wakazungumza bila kuomba msaada wa mtu.

Kwa miaka minne walikuwa wanakutana katika darasa moja la shule ya jirani. Jumamosi moja tulifika tukakuta darasa limejaa madawati mabovu hadi darini. Mlinzi alisema kwamba limegeuzwa stoo, na kwamba yeye si wa kuulizwa. Watu walisimama juani nje ya geti kwa nusu saa, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Fundi viatu, ambaye ni mpole kupita kiasi, alimwambia mama, "Tutafute mahali kabla ya Jumamosi ya kwanza ijayo. Tukikosa, tupumzike mpaka hali itengemae."

"Mkutano ukipumzishwa hivyo hauamki tena," mama alijibu. Njiani akanigeukia. "Jumatatu ukitoka shule, tunaanza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Mama akitumia methali hiyo huinama kabisa na kuchungulia chini, hata kama yuko barabarani na watu wanamtazama.

Tulianzia karibu na nyumbani, kwenye mashine ya kusaga nafaka. Mwenye mashine ni mama mmoja mnene, mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi viatu, na kila mtu humwita Mama Unga. Miaka yote ya kushindana na mashine imemfanya apaze sauti hata mashine ikiwa imezimwa. Ukimsalimia, anakujibu kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Chumba kipo," aliniambia huku mashine ikinguruma nyuma yake. "Kile kikubwa cha nyuma. Kodi yake ndogo tu. Lakini sitaki lawama baadaye, mwanangu. Mashine inaanza saa moja asubuhi inazimwa saa kumi na moja jioni, na Jumamosi ndiyo kazi inazidi. Kila aliyepanga alikimbia kabla ya wiki."

Nilichungulia ndani. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao, na kuta zilikuwa zinatetemeka. Mngurumo ulinipanda kutoka miguuni mpaka kwenye meno. Kichwa kilianza kuniuma, na nilikuwa nimechoka na shule. Nikajiuliza ni mwendawazimu gani angefanya mkutano humu. Mama alinigusa bega akauliza, "Amesemaje?"

"Amesema hakuna nafasi," nilimwambia.

Mama alimpungia Mama Unga mkono wa shukrani, na tukaondoka. Sikuona kwamba nimefanya kosa. Nilijiona nimemwokolea mama muda.

Wiki zilizofuata tulitembea mpaka soli ya kiatu cha mama ikaachia. Fundi viatu aliishona bila malipo, akisema hayo ndiyo mafuta ya gari la kikundi. Kila siku nilipotoka shule nilimkuta mama amenisubiri getini na daftari lake, akiwa ameandika mahali tutakapokwenda.

Kwenye ukumbi wa harusi, meneja alitaja bei ambayo kikundi kingeichangia kwa miaka miwili. "Hiyo ni pamoja na muziki," alisema kwa fahari. "Spika sita kubwa." Nilipomfikishia mama, aliinua nyusi. "Mwulize, tukimrudishia spika zote sita atatupunguzia kiasi gani?" Meneja alijibu kwamba vitu vyake haviuzwi reja reja.

Mkahawa mmoja ulikuwa na chumba cha juu, tena cha bei nafuu, lakini hakikuwa na dirisha hata moja, na taa zake zilikuwa nyekundu hafifu. Mama alisema kitu humo ndani nami nikaona vivuli tu. Tulipotoka nje alinirudia: "Nimesema, humu tutakuwa mabubu kweli." Karani wa ofisi ya mtaa alikuwa na chumba cha bure, ila kila Jumatano asubuhi tu. Mama alimshukuru, kisha akataka kujua kama ofisi yake ina watu wanaoruhusiwa kuacha kazi kila Jumatano asubuhi. Karani aliangalia makaratasi yake.

Kila tulipokosa, mama alikata jina kwenye daftari na kuandika lingine chini yake. Sikuwahi kumwona akiegemea ukuta kama mimi. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo," aliniambia nilipolalamika kwamba miguu inawaka moto. Majina yalipokwisha, alianza kuwauliza wateja waliokuja kupima nguo, akiwaandikia swali kwenye karatasi.

Jumatano, siku tatu kabla ya Jumamosi ya mkutano, kamati ilikutana mbele ya banda la fundi viatu. Walikuwa watu wanane, wamekaa duara kwenye viti vya wateja, vigoda na debe moja lililopinduliwa. Mimi nilikaa pembeni nikikunja karatasi. Fundi viatu alisema alichokuja kusema: wamejaribu, hawakupata, sasa watangaze kwamba mkutano umesimama.

Ndipo Bibi Vikapu aliponyanyua mikono. Bibi huyu ni msukaji vikapu, na huja kutoka mbali kupita wote, kwa miguu halafu kwa gari. Kijijini kwake hakuna kiziwi mwingine. "Mwezi mzima mikono yangu inasuka tu," alisema. "Ninaonyesha watu vidole vya bei, wanaonyesha vidole vya bei, basi. Siku ile moja ndiyo ninayozungumza. Mkiifunga, mnanirudisha kwenye ukimya, na mimi si wa kusubiri hali itengemae. Nina miaka sabini na moja."

Wakati huo huo jirani wa fundi viatu, ambaye huchomelea mageti, aliwasha mashine yake ya kukatia chuma, ile inayotoa cheche. Kelele ilinipasua kichwa. Niliziba masikio kwa viganja vyote viwili na kufumba macho. Nilipoyafumbua, nilimwona mama akimwambia Bibi Vikapu jambo, na bibi akacheka kidogo. Mwenyekiti alikuwa anauliza swali. Wawili walikuwa wanabishana. Cheche zilikuwa zinaruka hatua tano kutoka kwao, na katika watu tisa tuliokuwa pale, aliyesumbuka alikuwa mmoja tu.

Nikakumbuka kuta za chumba cha Mama Unga, na jinsi nilivyokikataa kwa masikio yangu mimi, ambayo hayakuwa na kazi yoyote katika mkutano ule. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho mbele ya banda la viatu. Niliogopa sana. Ningeweza kusema kwamba nimekumbuka mahali papya tu, na pengine hakuna ambaye angejua. Lakini Bibi Vikapu aligeuka akanitazama, akanitabasamia, na sikuweza.

Nilisimama katikati ya duara. "Mama Unga ana chumba," nilisema. "Alikuwa nacho tangu siku ya kwanza. Kodi yake ni ndogo. Mimi ndiye niliyesema hakuna nafasi."

Mama alinitazama kama mtu aliyesoma barua mara ya kwanza asiielewe. "Rudia. Yeye alisema nini, neno kwa neno?"

Nilirudia yote: ukubwa wa chumba, kodi, mashine, saa moja mpaka saa kumi na moja, wapangaji waliokimbia.

"Kwa nini ulinificha?"

"Palikuwa na kelele nyingi. Niliona hapafai."

"Hapafai kwa nani?" mama aliuliza.

Mama aliweka mikono kwapani akaacha kuzungumza. Kwetu hilo ni sawa na mtu kukufungia mlango. Hata kofi lisingeniuma hivyo. Hatimaye aliitoa mikono, akatazama jua, akasimama. "Twende sasa hivi, kabla hajafunga. Na ulichofanya utamweleza mwenyewe."

Tulimkuta Mama Unga akipima unga wa wateja wa mwisho. Walikuwa watano au sita kwenye foleni. Nilimweleza mbele yao, na ilinibidi nipaze sauti ili nisikike, hivyo aibu yangu ilisikika hadi barabarani. Mama Unga aliweka kipimo chini.

"Kumbe ndiyo maana hamkurudi," alisema. "Basi kuna muuza saruji anakitaka kiwe stoo. Kesho asubuhi ananiletea jibu." Kisha akamwangalia mama, akaniangalia mimi. "Lakini hebu niambie. Viziwi nao wana mikutano? Hukaa wakaongea nini watu wasiosikia?"

Watu wawili kwenye foleni walicheka. Mikono yangu ilikwishaanza kujipangia maneno mengine ya adabu: anauliza mkutano ni wa nini. Nilizoea hivyo kwa miaka sita, kumeza uchafu wa watu njiani ili mama apate kilicho safi. Safari hii nilijizuia. Nilimfikishia mama swali zima, kila neno, na nikamwambia kwamba wawili kwenye foleni wamecheka.

Mama alimtazama Mama Unga kuanzia kilemba hadi viatu vyenye unga. Hakukasirika hata kidogo. "Mwambie tunawasengenya nyinyi mnaosikia," alisema. "Na kwa kuwa hamjui lugha yetu, tunawasengenya hapo hapo mkiwa mbele yetu."

Nilisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Mama Unga akaangua kicheko kikubwa mpaka unga ukamdondoka kwenye nyusi, na foleni nzima ikacheka naye. Alimshika mama mkono akautikisa. "Huyu ndiye ninayemtaka kwenye chumba changu," alisema. "Muuza saruji nilikuwa namkubali kwa shida tu. Saruji na unga havikai nyumba moja. Siku mfuko mmoja ukipasuka, nitawapikisha watu ukuta."

Walipatana pale pale, nami nikiwa katikati, mikono na mdomo vikifanya kazi kwa zamu. Kodi ilikuwa ile ile ndogo, ya siku moja kwa mwezi. Kusafisha na kufungua madirisha ni juu ya kikundi. Na Mama Unga akaongeza sharti lake: vijana wake wawili wa mashine wafundishwe ishara. "Mashine ikiwaka humu tunapungiana mikono kama vichaa," alisema. "Juzi nilimwonyesha mmoja azime, yeye akaongeza mahindi." Mama alisema hilo sharti ni zuri kuliko yote, na kwamba somo la kwanza litakuwa neno 'zima'.

Alhamisi na Ijumaa hatukupumzika. Baba aling'oa mbao za madirisha baada ya kazi yake, akaziba nyufa na kupaka chokaa. Fundi viatu alileta misumari na nyundo yake ndogo. Nilifagia unga uliolala humo miaka mingi, mpaka nikafanana na Mama Unga mwenyewe. Hakuna aliyeniambia nifanye zaidi ya wengine, lakini nilifanya. Nilibeba maji ndoo baada ya ndoo, nikasugua sakafu mara mbili. Mama aliniambia yaliyohusu kazi tu: lete, weka, sogeza. Nililia kidogo nyuma ya magunia, kisha nikarudi kubeba ndoo.

Jumamosi walikuja watu arobaini na mmoja. Jua liliingia kupitia madirisha manne, na mikono ilionekana vizuri kutoka kila pembe. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta, nami na baba tulikuwa tumejaza pamba masikioni. Fundi viatu alipotaka kuanza, alipiga mguu sakafuni kama kawaida yao, lakini sakafu ilikuwa inatetemeka tayari na hakuna aliyegeuka. Akapiga tena kwa nguvu, mara tatu, mara nne, mpaka akaonekana kama anacheza ngoma peke yake. Watu walicheka sana. Baba akaenda kwenye swichi, akazima na kuwasha taa, na mkutano ukaanza.

Bibi Vikapu alizungumza tangu mwanzo hadi mwisho. Alisimulia habari za mbuzi aliyekula kikapu, za mjukuu aliyezaliwa, za goti lake. Aliponiona alinivuta kiti nikakaa naye, na sikuona kinyongo usoni pake.

Watu walipoanza kuagana, mama alinipeleka dirishani, penye mwanga. Alikuwa amechoka, lakini uso wake ulikuwa laini tena.

"Najua hukutaka kuniumiza," alisema. "Ulitaka kunirahisishia. Lakini ukinichagulia maneno, unakuwa umeniamulia. Kwa sababu ya neno moja ulilolizuia, karibu watu hawa wote wakose mahali pa kuzungumza. Na Jumatano, ungenificha swali baya la Mama Unga, ungekuwa umenificha na jibu langu, na jibu hilo ndilo lililotupatia chumba. Niletee yote, mwanangu. Mazuri na mabaya. Kazi ya mkalimani ni kufikisha, na uaminifu wake uko hapo. Kuamua niachie mimi."

"Samahani, mama," nilisema. "Sitarudia."

Alinikumbatia, na chokaa ya ukutani ikatupaka sote wawili.

Wakati huo Mama Unga alichungulia mlangoni, mweupe kama kawaida. Alikuwa amejifunza ishara ya 'karibuni', na akaifanya kwa mikono miwili mikubwa mpaka watu wakampigia makofi yetu, yale ya kupunga mikono hewani. Kisha akanipazia sauti kupita ngurumo ya mashine: "Chiriku, mwezi ujao mnaanza saa ngapi, niwaambie vijana wafungue?"

Jibu nililijua. Kwa miaka minne mkutano umeanza saa nne, sijawahi kuona ukianza saa nyingine, na neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Nililimeza. Nikamgeukia mama nikamwuliza.

Mama alitazama chumba, akamwona Bibi Vikapu ambaye bado alikuwa hajamaliza habari za goti.

"Mwambie saa tatu," alisema. "Saa nne tunachelewa. Watu wana mengi ya kusema."